Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kumfundisha Mtoto Kusoma na Kupenda Vitabu katika Shule za Msingi za Lubumbashi

Maswali haya tumeyakusanya kwenye mikutano ya wazazi, mlangoni mwa kalasi saa ya kutoka, na kwa walimu wenzetu wa kalasi ya kwanza na ya pili katika komini za Katuba, Kenya na Ruashi, hapa hapa mjini. Yanaanza na mambo ya msingi, kisha yanaingia kwenye hali ngumu zaidi. Si lazima uyasome yote, tafuta lako.

## Kabla ya kuanza

1. Mtoto aanze kujifunza kusoma akiwa na miaka mingapi?

Kalasi ya kwanza inapokea watoto wa miaka 6, na umri huo unatosha. Mtoto ambaye hakupitia maternele (chekechea) hajachelewa. Kinachomsaidia kabla ya hapo ni kusikia hadithi, kuimba, na kucheza na sauti za maneno: "Nitajie kitu kinachoanza kama *mama*." Mtoto wa miaka 5 anayejibu "maji, maembe, matembele" tayari anasikia kwamba neno lina vipande, na kusoma kunaanzia hapo.

Kumkalisha mtoto wa miaka 4 aandike a, b, c, d kwenye kaye (daftari) mpaka alie hakumsaidii. Anachojifunza siku hiyo ni kuogopa kaye.

2. Kwa nini kalasi ya kwanza wanasoma kwa Kiswahili? Sisi tunataka wajue Kifaransa.

Hili tunaulizwa kuliko yote, na mzazi anayeliuliza ana sababu. Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi, ya mtihani wa mwisho wa kalasi ya sita, ya sekondari na ya chuo kikuu. Hakuna mwalimu anayetaka kukiondoa.

Lakini anayesoma anafanya kazi mbili kwa pamoja: anatoa sauti kwenye maandishi, na anaelewa sauti hizo zinasema nini. Mtoto wa Katuba akisoma *nyumba*, sauti ikishatoka tu, nyumba ameiona. Akisoma *maison*, hata akitamka sawasawa, hawezi kujua kama amepata au amebahatisha, kwa sababu neno lenyewe bado hana. Tena Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti ile ile popote ilipo. Karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Kifaransa kinaandika sauti ya *o* kwa njia kadhaa, *o*, *au*, *eau*, na kina herufi nyingi zinazoandikwa bila kusomwa. Mtoto aliyekwisha kusoma kwa Kiswahili anapofika kwenye Kifaransa haanzi upya. Kusoma anako, anaongeza lugha.

Si jambo la walimu wachache. UNESCO imehimiza tangu 1953 mtoto aanze kwa lugha anayoijua. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha hizo kuwa lugha za kufundishia. Wakati huo huo Kifaransa hakingoji mlangoni: tangu kalasi ya kwanza watoto wanakisikia na kukiongea kwa nyimbo, salamu na majina ya vitu. Kuvuka kwenda kukisoma tumekueleza katika swali la 21.

3. Kiswahili cha vitabu si kile tunachoongea Lubumbashi. Hakimchanganyi mtoto?

Kinatofautiana kweli, na mwalimu asijifanye haoni. Kitabu kinaandika *mtoto, mtu, kitu, watoto, nyumbani*. Kalasi yetu inasema *mutoto, muntu, kintu, batoto, ku nyumba*. Mtoto akikuta *mtoto* atasoma "mutoto". Ameelewa, basi usimkatize katikati ya sentensi. Akimaliza, rudini kwenye neno mpige makofi pamoja: *m-to-to*, makofi matatu, na lile la kwanza linapigwa midomo ikiwa imefungwa. Watoto wanalipenda sana kofi hilo la midomo iliyofungwa. Baada ya wiki chache wanaisikia *m* hiyo bila kukumbushwa.

Usimwambie mtoto kwamba Kiswahili cha mama yake ni kibaya. Mji huu umekua nacho. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa 1906, ilileta migodini watu wa Kasai, wa Rhodesia, wa Rwanda na wa vijiji vya Katanga, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi katika nyumba za Wazungu waliandika historia ya mji mzima kwa Kiswahili cha hapa hapa. Watoto tunawaambia: cha nyumbani unakiongea, cha kitabu unakisoma, na vyote viwili ni vyako. Hadithi wanazotunga wenyewe (swali la 14) tunaziandika jinsi walivyozisema, na *katoto* zao na *bukari* (ugali) yao.

4. Nyumbani tunaongea Tshiluba, Kibemba au Kisanga. Tuache?

Msiache. Mtoto ambaye Kiswahili chake bado ni kidogo akalishwe karibu na mwenzake anayejua lugha zote mbili, na apewe miezi ya kwanza ya kusikiliza na kuongea bila haraka. Hadithi za Kalulu au za Kabundi, wanyama wajanja, alizosimuliwa na nkambo (bibi au babu) wake zinamfaa sana kalasini: anajua tayari kwamba hadithi ina mwanzo, ina hila, na ina mahali inapokwenda.

5. Shule ya mtoto wangu ni ya binafsi na inaanza moja kwa moja na Kifaransa. Ni vibaya?

Kama Kifaransa anakisikia nyumbani, atakwenda vizuri. Kama hakisikii, usidanganywe na sauti nzuri. Muulize, "Ukurasa huu unasema nini?" na umwache ajibu kwa lugha yoyote. Akishindwa kujibu, anatamka tu. Hapo wewe msomee na umsimulie kwa Kiswahili nyumbani, haitamrudisha nyuma.

## Ndani ya kalasi

6. Herufi zifundishwe kwa mpangilio wa alfabeti?

Hapana. Anza na irabu tano, kisha konsonanti zinazotoa maneno mengi haraka. Kwa irabu na *m* na *t* tu mnapata *mama, moto, mate, tatu*. Ongeza *k* na *l*, mnapata *kuku, kula, lala, kaka, kali, mlima*. Mtoto anayesoma neno kamili katika wiki za kwanza anaona kazi hii inaelekea wapi. Herufi mbili zenye sauti moja, kama *sh, ch, ny*, zije baadaye, pamoja na zile za puani: *mb, nd, nj, ng*. *Ng'* ya *ng'ombe* iwe ya mwisho, ilinganishwe kwa sauti na *ng* ya *ngoma*.

Sauti kwanza, jina la herufi baadaye. Aliyeambiwa kwamba herufi ile inaitwa "em" akiona *ma* anasoma "ema". Fundisha *mmm*, kwa midomo.

7. Mtoto wangu anasoma ukurasa mzima bila kosa, lakini mwalimu anasema hajui kusoma. Inawezekana?

Inawezekana, na katika kalasi kubwa hutokea kila mwaka. Mwalimu anaonyesha mstari ubaoni kwa kijiti, kalasi yote inaimba: *ma, me, mi, mo, mu*. Kufika Desemba watoto wanauimba ukurasa wa silabere (kitabu cha silabi) huku wanatazama dirishani. Masikio yamejifunza, macho bado.

Chukua kipande cha karto, kitoboe tundu linalotosha silabi moja, kiweke juu ya ukurasa. Kisogeze bila mpangilio: *mu*, halafu *ma*, halafu *mi*. Au mwambie aanze na mstari wa mwisho. Au mwandikie neno ambalo halimo kitabuni lakini silabi zake anazo: kama amesoma *mama* na *lima*, mpe *mali*. Anayesoma atakaa kimya, midomo itacheza, atasema "ma... li...", kisha ghafla atalisema lote. Anayekariri hatazami karatasi. Anakutazama wewe, akitafuta jibu usoni mwako. Macho yanakwenda wapi: hiyo ndiyo alama tunayoiamini kuliko alama yoyote ya kwenye buletini.

Kuimba pamoja kuna faida yake, msikuache. Ila wimbo ukiisha, kila mtoto aweke kidole kwenye neno analolisema, na kila siku wachache wasome peke yao. Mwalimu awe na orodha ya majina, atie alama, ili katika wiki mbili pasiwe na mtoto ambaye sauti yake haijasikika. Mkimya wa benchi la nyuma ndiye anayepotea mapema.

8. Nina watoto zaidi ya 80 na vitabu kumi. Nifanyeje?

Tangu shule za msingi za serikali zifanywe za bure Septemba 2019, watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani wameingia kalasini. Ni jambo jema, na limetuachia kalasi zilizojaa hadi mlangoni.

Tengeneza kwanza kitabu kikubwa cha wote. Mfuko wa simenti una tabaka zaidi ya moja la karatasi. Ufumue nje, mahali penye hewa, tabaka lililogusa simenti ulitupe, lile safi ulipanguse kwa kitambaa kikavu na kulilaza chini ya ubao mzito usiku mzima. Kata kurasa ndefu kama mkono wako kutoka bega hadi vidole. Kila ukurasa uwe na picha moja na sentensi moja au mbili, kwa kalamu nene, herufi ndefu kama kidole gumba ili aliye nyuma kabisa azione. Toboa juu, funga kwa kamba, tundika kwenye msumari. Karatasi hiyo ya kahawia ni ngumu kuliko ya kawaida na inastahimili mikono mingi.

Vile vitabu kumi visigawanywe kwa watoto 80 kwa mpigo. Gawa kalasi katika makundi manne ya watoto 20, kila kundi na siku yake: siku hiyo wao wanasoma wawili wawili, wengine wanaandika au kuchora. Mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole, kisha wanabadilishana. Usizidishe wawili, kwa maana wa tatu anakaa upande wa pili na kusoma kitabu kikiwa kichwa chini. Siku ya tano wapate nafasi waliobaki nyuma.

9. Ni lazima kuwasomea kwa sauti kila siku? Programu ni ndefu, muda hakuna.

Dakika kumi. Tukiambiwa tuchague jambo moja tu katika ukurasa huu wote, tungechagua hili. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu hata kimoja hana namna nyingine ya kujua kwa nini watu wanasumbuka kujifunza herufi. Anaijua siku ambayo mwalimu anafungua kitabu na hadithi inatoka.

Soma kitabu peke yako kabla, ujue sauti ya kila mnyama na mahali pa kusimama. Saa nzuri ni baada ya mapumziko, wakiwa wamechoka kukimbia. Onyesha jalada, uliza "Mnafikiri huyu anakwenda wapi?" na upokee majibu mawili matatu. Kisha soma. Usiulize swali baada ya kila sentensi, unaivunja hadithi. Simama mara moja tu, pale pazuri, kabla ya kugeuza ukurasa, na uone shingo zinavyonyooka. Ukimaliza, usitoe zoezi. Wakinyamaza, nyamaza nao kidogo.

Kesho yake wataomba hadithi ile ile. Isome tena, na keshokutwa pia. Safari ya tatu utasikia watoto wanaisema sentensi kabla yako, na ndipo maneno ya kitabu yanapoingia katika mazungumzo yao ya uwanjani. Na wewe mwenyewe uipende hadithi unayoisoma. Watoto wa miaka 6 wanamjua mara moja mtu anayesoma kwa kutimiza wajibu.

10. Mtoto akikosea neno, nimsahihishe mara moja?

Hesabu moja, mbili, tatu moyoni. Mara nyingi atajirudi. Kama kosa halikugeuza maana, mwache aendelee. Kama limegeuza, ngoja mwisho wa sentensi umuulize: "Jinsi ulivyosoma, inaeleweka?" Tunataka azoee kujisikiliza. Mtoto anayesahihishwa kila neno anasimama kila neno, akisubiri ruhusa.

11. Kiboko kidogo hakisaidii kusoma?

Hakisaidii. Mtoto asipigwe kwa sababu ya neno, wala kwa kuchelewa kusoma, wala asisimamishwe mbele achekwe. Anayeogopa anabahatisha haraka ili yaishe, na kubahatisha ndiyo tabia ngumu kuliko zote kuiondoa. Kicheko cha wenzake pia kinachapa. Mwalimu akizime siku ya kwanza ya mwaka, kwa uzito wote.

12. Mvua ikipiga mabati hatusikiani. Kipindi kimepotea?

Kuanzia Novemba hadi Aprili weka usomaji wa kalasi nzima saa za asubuhi, kwa sababu mvua nyingi zinakuja mchana. Kalasi zinazoingia mchana ndizo zinazoumia, kwa hiyo ziwe na mpango wa akiba: kila mtu anaangalia picha na kuandika maneno matatu, au wawili wawili wananong'onezana kitabu sikioni.

## Vitabu vyenyewe

13. Vitabu vya watoto vya Kiswahili tutavipata wapi Lubumbashi?

Madukani vya Kifaransa ni vingi kuliko vya Kiswahili, na maktaba ya Institut français katikati ya mji ni nzuri kwa watoto wakubwa wanaokisoma tayari. Kwa Kiswahili, anza kwa kumuuliza direkta, mkuu wa shule. Mradi wa ACCELERE!, ulioanza 2015 kwa msaada wa Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kujifunzia kusoma kwa Kiswahili, Lingala na Tshiluba, na Haut-Katanga ilikuwemo. Shule nyingine bado zinavyo kabatini (swali la 15).

Njia ya pili ni barabara. Wafanyabiashara wetu wanakwenda Dar es Salaam na kurudi kupitia Tunduma, Zambia na Kasumbalesa kila wiki. Huko kuna wachapishaji wa vitabu vya watoto, Mkuki na Nyota wakiwa kati yao. Mzazi anayefuata nguo na vyombo anaweza kuongeza vitabu vitano vyembamba kwenye mzigo. Kamati ya wazazi iandike orodha, ichange mapema.

Njia ya tatu ni simu. African Storybook, ya shirika la Saide la Afrika Kusini, na StoryWeaver, ya Pratham Books ya India, zina hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha. Zimetolewa kwa leseni huria: unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa, na hata kubadilisha maneno ili yafanane na ya hapa. Pakua mahali penye Wi-Fi, peleka nyumba ya fotokopi, chapa pande zote mbili, kunja, shona katikati kwa uzi.

14. Tunaweza kutengeneza vitabu wenyewe?

Mnaweza, na mara nyingi ndivyo vinavyochakaa kwa kusomwa. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati na kushonwa zinatoa kurasa nane. Jalada ni karto. Keti na watoto, uliza: "Leo tunaandika nini?" Mmoja atasema mbuzi aliyekula kaye ya yaya (mkubwa) wake. Mwingine atasema alipotea soko la Kenya siku ya Jumamosi. Andika sentensi zao zilivyo, mbele yao, ukisema kila neno unapoliandika. Wao wachore. Majina ya watunzi yaandikwe kwenye jalada.

Mtoto anayeona jina lake juu ya kitabu ambacho wenzake wanagombania hahitaji kuambiwa kwamba kusoma kuna faida.

15. Direkta anafungia vitabu kabatini kwa sababu watoto wanavichana.

Tunamwelewa direkta, vikipotea ni yeye atakayeulizwa. Hata hivyo kitabu kilichofungiwa miaka mitatu na kutoka kikiwa kipya hakijamfundisha mtu. Kitabu kilichosomwa na watoto 100 mpaka jalada likaachia kimefanya kazi yake.

Watoto hawachani kwa ubaya. Hawajaonyeshwa. Tumieni somo zima kufundisha mikono: kunawa kwanza, kushika kwa mikono miwili, kugeuza ukurasa kwa kuanzia pembe ya juu, kutolamba kidole. Kila wiki watoto wawili wawe walinzi wa vitabu: wanahesabu kabla na baada, na wanabandika palipochanika. Kwa kalasi isiyo na kufuli, mfuko wa unga wa plastiki uliosukwa unafaa sana. Shona juu yake mifuko midogo ya kitambaa, kitabu kimoja kila mfuko, utundike ukutani asubuhi. Jioni ukunje uende nao nyumbani. Kwa kuazima, daftari moja linatosha: jina, kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi.

16. Mchwa wanakula vitabu, na vumbi jekundu limevigeuza rangi.

Katanga ni nchi ya vichuguu, kwa hiyo kitabu kisilale sakafuni wala kisiegemee ukuta wa udongo, hata usiku mmoja. Mfuko wa ukutani (swali la 15) uning'inie kwenye kamba, usiguse ukuta. Kila wiki fungua kurasa zote, uvikung'ute. Kiangazi, ndoo ya maji mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono. Kilicholowa kianikwe kivulini, kurasa zimeachanishwa.

17. Simu si inatosha badala ya kitabu?

Kwa mwalimu kupata hadithi, ndiyo (swali la 13). Kwa mtoto wa kalasi ya kwanza peke yake, kitabu ni bora: hakimwiti acheze, hakiishiwi moto, na wawili wanakishika pamoja.

## Nyumbani

18. Mimi mama sijui kusoma. Nitamsaidiaje?

Mama, unaweza kufanya mengi. Mwambie akusomee, hata sentensi tatu, wewe ukimenya vitunguu au ukingoja bukari iive. Msikilize mpaka mwisho. Kisha muulize: "Halafu ikawaje? Huyo mtu kwa nini alifanya vile?" Ukiona anaeleza, ameelewa. Ukiona anasoma haraka akitazama pembeni, mwambie aonyeshe kwa kidole (sababu iko katika swali la 7).

Na umsimulie wewe hadithi ulizosikia utotoni. Mtoto aliyejaa hadithi anajua kitabu kimebeba kitu. Ukitaka, njoo kalasini siku moja usimulie. Mwalimu ataandika, na itakuwa kitabu cha watoto wote.

19. Umeme hakuna, na mtoto anafika nyumbani jioni.

Jua linazama karibu saa kumi na mbili. Dakika kumi kabla ya hapo, uani, zinatosha. Mshumaa karibu na karatasi na watoto wadogo hatuushauri. Gizani ni saa ya vitendawili na hadithi za mdomo.

## Hali za pekee

20. Anageuza *b* na *d*. Ana ugonjwa?

Hadi miaka 7 hivi ni kawaida. Usizifundishe wiki moja. *B* izoeleke kwanza. Akichanganya, aweke ngumi mbili mbele ya kifua zikigusana, vidole gumba juu: ya kushoto inafanana na *b*, ya kulia na *d*. Baba kushoto, dada kulia.

Kama amepita miaka 8 na bado anageuza, anapoteza mstari, na kusoma kunamchosha kuliko wenzake wenye akili sawa naye, inaweza kuwa disleksia. Haina uhusiano na uvivu. Apewe muda zaidi, maandishi makubwa, na nafasi ya kujibu kwa mdomo.

21. Tunavukaje kutoka kusoma Kiswahili kwenda kusoma Kifaransa?

Vuka mtoto akiweza kusoma peke yake aya fupi ya Kiswahili na kueleza imesema nini, na akiwa na maneno ya Kifaransa kichwani. Kwa wengi ni kwenye kalasi ya tatu. Anza na herufi zinazokubaliana katika lugha zote mbili: *a, i, o, l, m, n, p, t, f*. *Papa* inasomwa vile vile, na *moto* inasomwa vile vile ingawa kwa Kifaransa ni pikipiki. Watoto wanafurahi sana kuligundua hilo.

Halafu zile za hatari, moja kila wiki. *Ch* ya *chai* na *ch* ya *chat*, ambayo inasomwa kama *sh*. *U* ya *kuku* na *u* ya *lune*. Sauti yetu ya *u* Kifaransa kinaiandika *ou*. *J* ya *jina* na *j* ya *jour*. *G* ya *giza*, isiyobadilika, na *g* ya *genou*. *E* ya mwisho inayonyamaza. Bandika ukutani karatasi yenye safu mbili, Kiswahili kwa buluu, Kifaransa kwa nyekundu, na mtoto akikosea umwonyeshe safu badala ya kumwambia jibu. Vipindi vya Kiswahili visikatwe kwa sababu Kifaransa kimeanza.

22. Yuko kalasi ya tatu na hajui kusoma. Arudie mwaka?

Kurudia bila kubadilisha njia kunampa mwaka ule ule mara mbili. Kwanza tafuta amekwama wapi: mpe silabi za kawaida, kisha zenye *mb, nd, ny, sh*, kisha maneno, kisha sentensi. Wengi wanakuwa wamekwama mahali pamoja, mara nyingi kwenye silabi za herufi tatu, na wamejificha nyuma ya sauti za wenzao tangu hapo. Robo saa kila siku, watoto watano au sita, kuanzia hapo walipokwamia, inawainua wengi kabla ya mwaka kuisha. Mwanafunzi wa kalasi ya sita anaweza kusimamia kundi hilo kama mwalimu amemwonyesha.

Wapewe vitabu vyepesi ambavyo havina sura ya kitoto. Mvulana wa miaka 9 hatashika kitabu cha kuku na vifaranga mbele ya rafiki zake. Kile cha mpira wa miguu, chenye sentensi fupi zile zile, atakishika.

23. Anasoma vizuri kabisa lakini haelewi.

Angalia mwendo wake. Anayesoma silabi moja moja akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Dawa ni kurudia ukurasa ule ule mpaka maneno yatiririke, kisha ndipo umuulize. Kama mwendo ni mzuri, angalia maneno: pengine matatu kati ya kumi ni ya Kiswahili cha kitabu asichokijua (swali la 3). Yaeleze kabla ya kusoma, kwa kitu chenyewe au kwa kitendo.

24. Anatumia mkono wa kushoto, au anasogea sana kwenye ubao.

Mkono wa kushoto mwache nao. Umweke mwisho wa benchi upande wa kushoto ili viwiko visigongane. Anayekunja macho au kunakili makosa kutoka ubaoni akae mbele leo leo, na wazazi waambiwe wampeleke akapimwe macho. Anayeuliza "unasemaje?" kila mara apimwe masikio.

25. Mtoto wa miaka 12 ambaye hakuwahi kusoma. Aingie kalasi ya kwanza?

Mara nyingi anakataa, na ana haki: magoti hayaingii chini ya benchi. Kwa watoto kama yeye kuna vituo vya rattrapage, ambako miaka sita ya msingi inafupishwa kuwa mitatu na wanafunzi ni wa umri wake. Muulize direkta au ofisi ya elimu ya eneo lako kilicho karibu.

Akiwa anangoja nafasi, anza naye kwa maandishi anayokutana nayo kila siku: majina kwenye teksi, bei za sokoni, ujumbe wa simu. Hesabu ya pesa anaijua kuliko wewe, na maneno mengi anayo. Kinachokosekana ni herufi tu, kwa hiyo huenda mbio kuliko mdogo wa miaka 6. Njia ya sauti na silabi ni ile ile ya swali la 6. Hadithi ya kwanza ya kuandika pamoja iwe yake mwenyewe, kama katika swali la 14, na asitakiwe kuisoma mbele ya watoto wadogo mpaka atake.